Nitajuaje kama shule ya Serikali iliyo jirani inafundisha?

SWALI

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa elimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu. Mwezi wa sita tulihama kutoka Kenya tukaja kukaa Ruashi, hapa hapa Lubumbashi, Kongo, na mtoto wangu wa kwanza anapaswa kuanza darasa la kwanza mwezi wa tisa. Karibu na nyumba kuna shule mbili za Serikali: moja tunaiita ofisieli, yaani inaendeshwa na Serikali yenyewe, nyingine iko mikononi mwa parokia. Mama mkwe wangu anasema kwamba tangu masomo ya bure yaanze, shule hizo zimejaa watoto kupita kiasi, na kwamba mzazi mwenye akili hutafuta shule ya binafsi. Lakini baba ya watoto ni dereva wa taksi-basi, na makuta (pesa) ya shule ya binafsi kwa watoto watatu hatutayaweza. Jirani naye ananihakikishia kwamba shule ya parokia ni nzuri kwa sababu mwaka huu watoto wote walifaulu ENAFEP, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Mimi mwenyewe niliishia darasa la tano na Kifaransa changu ni kidogo. Je, mtu kama mimi anaweza kupima shule, na aangalie nini?

Mama wa Ruashi

JIBU

Mama, asante kwa barua yako. Ndiyo, unaweza kupima shule, tena bila Kifaransa kingi, kwa sababu dalili za shule ya msingi inayofundisha karibu zote zinaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Nilisimama mbele ya ubao miaka mingi kabla ya kuanza kuandika ukurasa huu, na ninajua kwamba mzazi anayekuja shuleni akijiona hana elimu ya kutosha ndiye anayerudishwa nyumbani na jibu fupi. Usikubali kurudishwa hivyo.

Kwanza tuliweke wazi jambo moja. Shule zote mbili unazozitaja ni za Serikali. Shule za makanisa zilitaifishwa mwaka 1974, kisha mwaka 1977 Serikali ikatia sahihi mapatano na makanisa ili yaziendeshe tena, walimu wakiendelea kulipwa na Serikali. Ndiyo maana tunaziita konvansyone. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara ya 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni ya bure, na amri hiyo ilianza kutekelezwa nchini kote mwezi Septemba 2019. Kwa hiyo bure ni haki yako katika shule ya parokia kama ilivyo katika ile nyingine, na jina lililoandikwa langoni lisikuamulie. Nimeona shule ya parokia iliyolala na ofisieli iliyo macho, na nimeona kinyume chake.

Sasa habari ya ENAFEP. Jirani yako hakudanganya, lakini hesabu ya waliofaulu inakuambia habari za watoto waliofika darasa la sita peke yao. Haisemi ni wangapi walioanza pamoja nao darasa la kwanza, wala ni wangapi waliorudishwa darasa la tano ili wasiharibu sifa ya shule. Muulize mkurugenzi swali hili kwa upole: «Darasa la kwanza mna madarasa mangapi, na la sita mangapi?» Ukisikia matatu kwa moja, uliza wengine walikwenda wapi. Huenda walihama kweli, kwani familia za mji huu huhama sana, kama ninyi mlivyohama. Lakini mkurugenzi anayejua watoto wake atakujibu kwa majina ya mitaa na kwa sababu, na asiyewajua atakujibu kwa hasira. Isitoshe, mtihani huo huwakuta watoto mwishoni mwa miaka sita, na wewe unamtafutia shule mtoto wa darasa la kwanza. Kinachokuhusu ni miaka miwili ya kwanza.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni daftari. Barua yako imeandikwa wakati wa likizo, na huo ni wakati mzuri, kwa sababu madaftari ya mwaka uliopita bado yako majumbani, kabla hayajafika sokoni kufungia karanga. Nenda kwa majirani wawili au watatu wenye watoto waliomaliza darasa la pili katika kila shule, uombe kaye, yaani daftari, ya hesabu na kaye ya kusoma na kuandika. Usiombe ya mtoto anayesifiwa kuwa wa kwanza. Omba ya mtoto wa katikati, yule ambaye mama yake anasema «anajitahidi tu». Kisha keti nayo mezani. Tazama tarehe kwanza: je, kuna kazi karibu kila siku ya masomo, au kuna wiki nzima bila mstari? Mtoto mmoja anaweza kuwa aliugua, kwa hiyo linganisha na daftari la pili. Ikiwa pengo liko mahali pale pale katika madaftari yote mawili, mwalimu ndiye hakuwapo.

Halafu fuata wino mwekundu. Nina mbele yangu, ninapoandika haya, daftari ambalo msomaji mmoja aliniletea. Kutoka Septemba hadi Novemba kila ukurasa una alama ya mwalimu: kosa limepigiwa mstari, jibu sahihi limeandikwa pembeni, na siku iliyofuata mtoto amelirudia. Kuanzia Januari wino mwekundu umebaki kuwa sahihi moja ndefu inayopita juu ya kurasa tatu kwa mpigo, na chini ya sahihi hiyo mtoto ameandika 17 + 5 = 112 mara mbili, bila mtu yeyote kumsimamisha. Mtoto huyo anajumlisha 7 na 5, anapata 12, anaiandika yote, kisha anaweka ile 1 mbele. Ni kosa ambalo mwalimu hulisahihisha kwa dakika tano akiwa na vijiti kumi na viwili mkononi. Likiachwa, mtoto analibeba hadi darasa la nne, na huko ataambiwa kwamba hana kichwa cha hesabu. Hakuna Kifaransa unachohitaji ili kuona jambo hilo, Mama. Unahitaji kujua kujumlisha tu, na barua yako inaonyesha kwamba unajua.

Kipimo cha pili ni kusoma kwa sauti. Mwite mtoto wa jirani aliyemaliza darasa la pili, umpe ukurasa ambao hajawahi kuuona. Jambo hili la ukurasa mpya ni la maana sana, kwa kuwa watoto wetu wana kumbukumbu kubwa ajabu, na darasa likirudia sentensi moja kwa pamoja mara ishirini, kila mtu ataimba sentensi hiyo hata kitabu kikiwa kimegeuzwa juu chini. Nilimsikiliza kijana mmoja akisoma kwa kujiamini «Mama anapika bukari». Kitabu kilikuwa kimeandika «ugali», ambao sisi hapa tunauita bukari. Alikuwa anaitazama picha. Nilipoifunika picha kwa kiganja changu alinyamaza kabisa, kisha akaniuliza kama amekosa. Hakuwa amekosa yeye, kwani kwa miaka miwili hapakuwa na mtu aliyemwonyesha jinsi herufi zinavyoungana na kutoa sauti.

Mwanzoni mpe mtoto huyo ukurasa wa Kiswahili. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha zetu za taifa kuwa lugha za kufundishia, na shule inayofuata mwongozo humfundisha mtoto kusoma kwanza katika lugha anayoielewa. Wazazi wengi hapa Lubumbashi huisifu shule inayoanza na Kifaransa tangu siku ya kwanza, na mimi nadhani wanakosea: mtoto anayejua kusoma «ninakwenda sokoni» na kukueleza anakwenda kununua nini amekwisha kushinda kazi ngumu zaidi, na Kifaransa kitamkuta akiwa tayari. Ni kweli kwamba Kiswahili cha vitabu si kile cha nyumbani kwetu, na mtoto anayesema «nilikuya» atakutana na «nilikuja». Mwalimu mzuri huyaweka maneno hayo mawili ubaoni bega kwa bega bila kumcheka mtoto.

Nasisitiza kusoma kwa sababu hali ni mbaya. Benki ya Dunia imekadiria kwamba nchini mwetu watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 hawawezi kusoma maandishi mepesi na kuyaelewa. Ukiitafakari hesabu hiyo utaona kwamba wengi wa watoto hao wamekaa darasani, na kwamba shule za binafsi nazo zimo ndani yake. Kwa hiyo mwambie mama mkwe wako, kwa heshima zote, kwamba shule ya binafsi ipimwe kwa daftari na kwa ukurasa ule ule; rangi mpya ukutani na sare zenye nembo hazisomi.

Kuhusu wingi wa watoto, ana haki ya kuogopa. Tangu 2019 watoto waliokuwa nyumbani wamekuja shuleni, nalo ni jambo la kufurahia, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyo. Hata hivyo usiulize tu wako wangapi darasani. Uliza nani anafundisha darasa la kwanza. Katika shule iliyo macho, mkurugenzi humweka huko mwalimu wake aliyekomaa, yule anayeweza kuwagawa watoto sabini katika vikundi na kumfikia kila mmoja mara moja kwa wiki. Katika shule iliyolala, darasa hilo hupewa aliyefika mwisho, mara nyingi N.U., yaani mwalimu mpya ambaye bado hajaingia kwenye orodha ya mishahara ya Serikali na ambaye hulazimika kutafuta chakula mahali pengine. Simlaumu mwalimu huyo hata kidogo. Nimewajua wengi waliofundisha miaka bila mshahara, kwa moyo wote. Lakini uliza kama analipwa, kwa sababu jibu litakuonyesha ni siku ngapi atakosekana na ni mara ngapi utaombwa mchango.

Michango yenyewe iulizie kwenye komite ya wazazi, COPA, na uulize pia kama taarifa ya pesa za uendeshaji inabandikwa mahali watu wanaweza kuisoma. Pita chooni. Ikiwa hakifungiki, wasichana watakikwepa, na hatimaye watakosa masomo.

Masomo yakianza, pita nje ya ukuta asubuhi mbili, mojawapo iwe Jumamosi, nusu saa baada ya kengele. Sikiliza. Sauti ya darasa zima likirudia kwa pamoja si mbaya, ila isiwe sauti pekee unayoisikia. Subiri mpaka usikie sauti ya mtoto mmoja akijibu, kisha ya mwalimu ikimuuliza amepataje jibu hilo. Shule ambako utaisikia mara kwa mara, hiyo ndiyo mwandikishe mtoto wako, iwe ya parokia au isiwe.

SWALI

Mwanangu yuko darasa la tatu katika shule ya Serikali hapa Katuba. Buletini yake (ripoti ya alama) ya mwisho wa mwaka ina asilimia 71, naye ni wa 9 katika watoto 62. Juzi nilimwomba anisomee ujumbe uliotoka kwa kaka yangu wa Likasi, akashindwa hata na mstari wa kwanza. Je, shule inanidanganya?

Baba wa Katuba

JIBU

Ndugu yangu, huenda hakuna aliyekusudia kukudanganya. Asilimia ya buletini hukusanya masomo yote, pamoja na yale ambayo mtoto hujibu kwa kukariri, na nafasi ya 9 humpima kwa kumlinganisha na wenzake wa darasa lile tu. Darasa zima likiwa halisomi, bado mmoja atakuwa wa kwanza. Tazama mstari wa kusoma peke yake, na hata huo uujaribu nyumbani, kama ulivyofanya.

Kwanza hakikisha kwamba ujumbe ule haukumshinda kwa sababu ya vifupisho vya simu, ambavyo vinawashinda hata watu wazima. Umwandikie wewe mwenyewe kwa herufi kubwa, sentensi tano fupi kuhusu mambo ya nyumbani kwenu. Akishindwa tena, peleka karatasi hiyo kwa mwalimu wake mpya mara masomo yatakapofunguliwa, wakati wa mapumziko, mkiwa wawili tu, kwani mzazi anayemsema mwalimu mbele ya watoto hatasikilizwa tena mwaka mzima. Mwombe mambo mawili: mtoto akae mbele, na asome kwa sauti peke yake angalau mara moja kwa wiki. Wewe nawe umsikilize kila jioni kwa robo saa, kabla umeme haujakatika au kando ya taa, ukiweka kidole chini ya kila neno.

Baada ya mwezi mmoja mpe tena zile sentensi tano, lakini ubadilishe mpangilio wake. Akizisoma, endelea hivyo hivyo. Asipozisoma, mwombe mkurugenzi amwone mtoto akisoma mbele yake, na ukae hapo ukiwa umeshika buletini ile yenye asilimia 71.