Dalali kala hela ya kiwanja, je umuanike? Soma hapa kabla hujaposti

Pole sana mkuu. Umeuliza kama umuanike dalali aliyekula hela yako ya kiwanja cha Mkonze, uweke picha, namba na kitambulisho chake ili wengine wasilizwe. Naunga mkono watu waonywe, hapa Dodoma tangu serikali ihamie watu wanaumizwa sana na viwanja, kimoja kinauzwa kwa watu wawili watatu. Ila jinsi utakavyoandika ndo itaamua nani aende mahakamani, yeye au wewe.

Yalitukuta mimi na mdogo wangu kule Nala. Tumeshalipa, tunaenda kuangalia bikoni tunakuta mama mmoja kashusha tofali zake na hati anayo. Dogo akataka aandike TAPELI kwa herufi kubwa kwenye magurupu yote, nikamwambia tulia, kwanza polisi. Tukachukua RB (namba ya taarifa yetu pale polisi) ndo tukaandika: "Tulimlipa fulani kiasi hiki, tarehe hii, kwa kiwanja namba hii, risiti tunayo, tumekuta kina mwenye hati, hela hajarudisha, tumeripoti polisi." Basi. Haikupita muda ikaja barua ya wakili eti tumemchafua mteja wake, tuombe radhi na tulipe fidia. Tukamjibu kwa kopi ya risiti, mkataba wenye muhuri wa mtaa na RB, mpaka leo kimya. Hela bado tunaifuatilia.

Iko hivi, kwenye kesi ya kashfa ukweli unakulinda, lakini we uliyesema ndo unatakiwa kuuthibitisha. "Nililipa sijapata kiwanja" risiti inatosha. Ukisema "ni tapeli" inabidi uonyeshe alikusudia kukuibia toka mwanzo, na huenda na yeye aliuziwa hewa na mtu mwingine, utalithibitishaje hilo?

Halafu kuna jinai. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, ukisambaza kitu unajua ni uongo kwa nia ya kumchafua mtu, faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kwa hiyo usiongeze chumvi, usiseme kaliza watu kibao wakati unajijua wewe tu. Na anayeforward naye yumo kwenye kashfa, asijifiche kwamba hakuandika yeye.

Kitambulisho usiweke kabisa nakuomba. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, usimpe pa kukushikia, na kibaya zaidi hawa watu mara nyingi wanatembea na vitambulisho vya watu wengine, utamchoma mtu hata hahusiki na ana watoto shule. Kipeleke polisi pamoja na meseji za muamala. Kama alikutumia meseji za kitapeli zisambaze kwenda 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Ukishaandika tangazo lako liweke hapa kwanza, jina lake ulifiche, tulipitie pamoja.