Presha Hukatika Masika Yakianza

SWALI: Hapa Malindi nina banda la kuosha magari, wateja hujioshea wenyewe. Masika yakishaingia, maji ya kisima hugeuka rangi na presha ya mashine hupanda na kushuka. Fundi anataka ninunue pampu mpya. Je, ninunue?
Msomaji, Malindi

JIBU: Usinunue bado, ndugu yetu. Presha ikipanda na kushuka, mara nyingi pampu inakosa maji ya kutosha. Zima mashine, chomoa waya, kisha fungua chujio dogo pale mpira wa maji unapoingia. Matope laini huziba hapo kwanza. Lioshe kila jioni msimu huu. Tundu la mdomo wa bunduki ya kurushia maji lizibue kwa waya mwembamba. Kaza klipu za mpira pia, kwani pampu ikivuta hewa hutetemeka vivyo hivyo.

Dawa hasa iko kwenye tangi. Jioni koroga shabu (jiwe la kutuliza tope majini) iliyoyeyushwa, kama gramu 50 kwa lita 1,000, uache maji yatulie hadi asubuhi. Bomba la kuvutia liwe sentimita 15 juu ya sakafu ya tangi, lisifyonze tope.

Kisha tazama oili ya pampu. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yamepenya: badilisha sili (mipira ya kuzuia maji) na oili kabla ya kuwasha tena. Kama kisima chako kina chumvi, suuza pampu kwa maji yasiyo na chumvi kila ufungapo.

Na tafadhali, nyaya zote ziinuliwe kutoka chini, ziwe na swichi inayokata umeme unapovuja. Mteja anashika bunduki huku amesimama majini.