Wewe unayetaka kugombea New Jersey, usisaini huo mkopo

Weka hiyo fomu ya benki pembeni kwanza. Umeuliza mambo matatu: kama jimbo hilo la Marekani limegeuka jekundu, yaani la Republican, sahihi ngapi zinatakiwa ili kugombea, na kama lazima kampeni iwe na mweka hazina. Halafu mwishoni unatuambia kwamba nyumba unaiweka rehani ugombee baraza la mji kwa tiketi ya Republican, kwa kuwa pengo la pointi 16 za asilimia ambalo Biden wa Democratic alimshinda nalo Trump mwaka 2020 lilishuka hadi 6 kwa Harris 2024. Maneno hayohayo nilimwambia mke wangu Januari 2025. Dola 14,000 zikaondoka. Zilikuwa za kuezeka nyumba ya mama Kibaha, na kuta mpaka leo zinanyeshewa.

Nilisoma asilimia, sikuhesabu kura. Shika kalamu. Mwaka 2020 Trump alipata kura kama milioni 1.88 New Jersey; 2024 akapata kama milioni 1.97. Ameongeza takriban 85,000 jimbo zima. Sasa geukia Democratic: Biden milioni 2.6, Harris milioni 2.2. Zimepungua zaidi ya 380,000! Hata tukisema kila kura mpya ya Trump ilitoka kwao, karibu 300,000 hazikwenda kwake. Mtu aliyebaki nyumbani hajahama chama. Siku akikasirika anatoka, na hatoki kwa ajili yako.

Mimi niligombea Kaunti ya Passaic, ile ambayo Trump aliichukua 2024, mgombea urais wa kwanza wa Republican kuishinda tangu 1992. Mshauri wa kampeni niliyemlipa dola 5,000 alinitandazia ramani yenye mishale myekundu, akasema wimbi limeshafika, kazi yangu ni kulipanda tu. Safu ya idadi ya kura ilikuwemo kwenye faili hilohilo. Hakunifungulia hata mara moja. Mtu anakula hela ya bati la mama yako huku jibu analo mkononi! Simsamehi.

Agosti nilibisha mlango mmoja, akatoka mama wa Kidominika na mwiko mkononi, wali unanukia mpaka barazani. Akaniambia 2024 hakupiga kura, alikuwa anafanya kazi zamu mbili na bei za vitu zilimkatisha tamaa na wote. "Lakini mwaka huu nakwenda." Nikamshukuru, nikaweka alama ya vema kwenye orodha yangu: huyu wetu. Sikumuuliza anakwenda kumpigia nani. Milango ya namna hiyo nilikuwa na kurasa nzima.

Tarehe 4 Novemba 2025, uchaguzi wa gavana wa New Jersey, waliobaki nyumbani wakatoka. Mikie Sherrill wa Democratic akapata kura karibu milioni 1.9, Jack Ciattarelli wetu wa Republican milioni 1.4. Na angalia hili vizuri: Ciattarelli aliongeza kura zaidi ya 150,000 kuliko 2021, mwaka ambao Gavana Phil Murphy wa Democratic alimshinda kwa pointi 3 tu. Ameongeza, na bado kashindwa kwa pointi kama 14. Passaic ikarudi Democratic, na sisi wadogo tuliokuwa chini yake kwenye karatasi ya kura tukazolewa naye.

Sikatai kwamba wapo waliohama kweli. Paterson, mji wa humohumo Passaic, nimekaa nao, nimekunywa nao kahawa, na hasira yao si ya kuigiza. Lakini hao ndio unaotakiwa kuwahesabu mmoja mmoja, katika mji wako, kabla hujatoa hata senti: kura ngapi chama chako kiliongeza, na ngapi wapinzani wako walipoteza. Namba mbili tu. Ya pili ikiizidi ya kwanza mara nne, kama ilivyokuwa jimbo zima, hapo hujapata wapiga kura wapya, umekuta viti vya watu waliotoka kidogo.

Matokeo ya kila kituo yapo kwa karani wa kaunti, bure. Yachukue ya 2020, 2024 na 2025, uje nayo hapa tuyapitie pamoja. Benki isubiri.