Tuta la Kale Uingereza: Umbo Lake Lisikudanganye

Mashambani Uingereza kuna matuta ya udongo yasiyo na kibao wala maelezo. Si matuta ya viazi, wala yale ya barabarani yanayovunja springi za gari. Ni vilima vilivyorundikwa na watu, vingine vikiwa na kimo cha mtoto, vingine vikilingana na ghorofa sita. Kila kimoja kina hadithi yake: hapa kalala mfalme na farasi wake, pale shetani alimwaga koleo la udongo. Zisikilize, ziandike, kisha uanze kazi ya kuchunguza asili ya tuta.

Kosa kubwa ni kukisia umri wa tuta kwa kulitazama tu. Umbo hukuonyesha aliyelitumia mwisho. Kilima cha Marlborough, huko Wiltshire, kina urefu wa mita 19 hivi, na kwa muda mrefu wengi walikihesabu kuwa kazi ya Wanormani, wavamizi walioitwaa Uingereza mwaka 1066, kwa sababu ngome yao ilisimama juu yake. Karne ya 17 kikazungushiwa njia ya kupandia, kikawa pambo la bustani. Mwaka 2010 kikatobolewa kwa keekee toka kileleni hadi chini, na mkaa uliopatikana ndani ukapimwa umri kwa kaboni: takriban 2400 KK. Wanormani walikikuta kina zaidi ya miaka 3,000. Skipsea, Yorkshire, mambo yakawa hayo hayo: tuta la mita 13 lililodhaniwa la Kinormani likaonekana mwaka 2016 kuwa la Zama za Chuma, yapata 500 KK.

Kwa hiyo anza nyumbani. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni, bure, ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza. Kama tuta halimo kwenye ramani ya karne ya 19 lakini njia ya reli imepita karibu, shuku kifusi cha reli kwanza. Kisha fungua data ya laida, yaani vipimo vya leza vinavyopigwa toka kwenye ndege, ya Environment Agency, wakala wa serikali wa mazingira. Nayo ni bure. Chagua modeli ya ardhi tupu, ile iliyoondolewa miti. Programu nyingi za ramani huweka mwanga wa kuigiza jua toka kaskazini-magharibi, nyuzi 45 juu ya upeo. Ushushe hadi 15 au 20, kisha uzungushe upande unaotoka. Usipouzungusha, mtaro uliolala sambamba na mwanga hutauona kabisa. Jihadhari na vichaka vizito pia: leza ikishindwa kufika chini, kompyuta hukisia, na makisio hayo huchomoza kama vituta ambavyo havipo.

Shambani nenda Desemba hadi Februari, asubuhi au jioni, jua likiwa chini na majani yakiwa mafupi. Njia ya umma ikipita kando, usitoke humo bila ruhusa ya mwenye shamba. Kupima kimo hakuhitaji mtambo. Simama pale mteremko unapoanzia, shika pimamaji usawa wa jicho, uangalie mstari wake wa usawa unapogusa mteremko. Panda hadi hapo, rudia. Kama jicho lako liko mita 1.6 na umerudia mara tano, hiyo ni mita 8. Kwa kipenyo, zungusha futi kamba chini na ugawe kwa 3.14.

Baada ya hapo hesabu udongo. Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo penye utamu. Tuta la kipenyo cha mita 24 na kimo cha mita 2 lina karibu mita za ujazo 300, ukilichukulia kuwa na umbo la pia (koni). Mtaro unaolizunguka ukiwa na upana wa mita 3 na kina cha mita 1.5, wenye umbo la V, hutoa kama 190 tu. Zilizobaki zimetoka wapi? Huenda nyasi na udongo wa juu vilikwanguliwa shamba zima, huenda mtaro umejaa tope na kina chake halisi kiko chini zaidi, au huenda mtu wa baadaye aliongeza kimo. Na tuta lililolimwa kwa vizazi hushuka na kutanuka, basi kipenyo cha leo si cha mwanzo.

Angalia kilele. Shimo lenye umbo la msalaba ni alama ya mbao za msingi za kinu cha upepo. Bonde katikati mara nyingi ni kovu la wachimba makaburi wa karne zilizopita. Uwanja wenye boma pembeni huashiria ngome. Tuta refu, la chini, lenye ncha butu kama mto wa kulalia, pengine lilijengwa kufugia sungura.

Usichimbe, hata kidogo. Silbury, kilima kingine cha kale cha Wiltshire, ilichimbwa toka kileleni mwaka 1776, ikatobolewa ubavuni 1849, ikatobolewa tena 1968 hadi 1970. Kaburi halikupatikana. Mwaka 2000 shimo likafunguka kileleni, na kazi ya kujaza mapango ya ndani ikafanyika 2007 na 2008. Pia, kwa sheria ya mwaka 1979, kutumia kifaa cha kutafutia vyuma kwenye eneo la kale lililosajiliwa bila kibali ni kosa. Kagua orodha ya Historic England, taasisi ya urithi wa kale, kabla hujatoka.

Wataalamu wakitoboa ili kujua umri, hutafuta hasa udongo wa zamani uliofunikwa chini ya tuta. Mkaa wa mti mkubwa unaweza kuwa na karne nyingi kabla ya tuta lenyewe. Ganda la kokwa au kijiti chembamba ni shahidi bora. Wewe peleka kwenye ofisi ya kumbukumbu za mambo ya kale ya kaunti picha zenye fimbo ya kipimo, vipimo vyako, hali ya ardhi, na namba ya gridi ya ramani ya Ordnance Survey, yenye herufi mbili na tarakimu nane. Hiyo inafikisha mtu ndani ya mita 10.