Jibu: Krak des Chevaliers iliangukaje?

Ndugu, umeuliza ngome imara kama Krak des Chevaliers ya Syria ilitekwaje. Karne ya 11 palikuwa na kikosi cha Wakurdi; mwaka 1142 ngome wakapewa watawa wapiganaji wa Kikristo walioitwa Hospitali, ambao baadaye waliizungushia kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Salahuddin, sultani wa Waislamu, alifika 1188, akaiona ngumu, akapita. Baybars, sultani wa Wamamluki wa Misri, ndiye aliyeiweza, 1271. Ukuta wa nje aliuvunja. Kwa ule wa ndani, inasimuliwa alipeleka barua ya kughushi, kana kwamba imetoka kwa mkuu wao, ikiwaamuru watawa wajisalimishe. Wakatoka salama! Kanisa likageuzwa msikiti, na wanakijiji waliishi ndani ya ngome hadi miaka ya 1930. Inaniuma kwamba mapigano ya 2012 hadi 2014, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Syria, yaliijeruhi tena.