Niliyojifunza kwa kuishi jirani na jalala

Nyumba yetu iko pembezoni mwa mji wa Tabora, mwendo wa dakika tano kwa miguu kutoka kwenye jalala ambalo halikupangwa na mtu yeyote: lilikuwa shimo la kuchimbia udongo wa matofali, likaachwa, kisha watu wakaanza kumwaga taka usiku na baadaye mchana kweupe. Mzee mmoja jirani yetu alipofariki kwa saratani ya umio, mtaa mzima ulikuwa umekwisha kutoa hukumu kabla ya arobaini kwamba jalala ndilo lililomuua, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote.

Daktari aliyemhudumia, nilipomweleza habari za jalala, hakunibishia, lakini aliniuliza kama marehemu alivuta tumbaku, alitumia pombe kali au alizoea chai ya moto sana. Akaongeza kwamba saratani nyingi huchukua miaka kumi, ishirini au zaidi kujitokeza, kwa hiyo hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kuthibitisha kwamba ugonjwa wa mtu huyu mmoja ulitoka kwenye shimo lile. Niliudhika. Leo namshukuru, kwa sababu karibu mwaka mzima nilikuwa natafuta wa kumlaumu huku kuku wangu wakiendelea kudonoa jalalani.

Hata watafiti hawakubaliani moja kwa moja. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2002 haukuona ongezeko la saratani zilizochunguzwa kwa wanaoishi ndani ya kilomita mbili kutoka kwenye madampo, ilhali ule wa mkoa wa Lazio nchini Italia, mwaka 2016, uliona vifo vya saratani ya mapafu vikiongezeka kadiri gesi ya dampo ilivyozidi. Lakini madampo hayo kwa kawaida hufukiwa udongo, na sisi letu linachomwa karibu kila jioni, na hapo ndipo hatari ninayoiogopa zaidi ilipo.

Plastiki ikichomwa kwa moto hafifu hutoa dayoksini, yaani kundi la kemikali za sumu, na aina yake yenye sumu kali kuliko zote iliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 1997, katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Vijana wetu huchoma nyaya ili wapate shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa skrepa, na ganda la nyaya hizo ni katika plastiki mbaya kabisa kuchomwa. Dayoksini haiishii kwenye moshi: hutua kwenye udongo, kuku huidonoa, nayo hujikusanya kwenye mafuta ya kiini cha yai. Huko Agbogbloshie, mjini Accra, ambako vifaa chakavu vya umeme vilichomwa kwa miaka mingi, mayai ya kuku wa kienyeji yaliyopimwa, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2019, yalikutwa na dayoksini nyingi kupita kiasi. Niliposoma hayo nilijenga banda siku ileile, ingawa mama alinung'unika kwamba kuku wa kufungiwa hana ladha.

Kuhusu maji nilikuwa nimejidanganya kwa muda mrefu. Kisima chetu kifupi kiko upande wa chini wa mteremko, na mvua za masika zikikolea maji hubadilika rangi, nasi tulikuwa tunayachemsha na kujiona salama. Kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu kama madini ya risasi na arseniki hubaki palepale, tena maji yakipungua sufuriani kiwango chake huongezeka. Siku hizi maji ya kisima ni ya kufulia na kudekia tu. Ya kunywa na kupikia tunachota bombani, hata kama foleni ni ndefu.

Sisi wa mkoa wa tumbaku tuna tatizo letu la ziada, nalo ni makopo ya viuatilifu. Ukiona dumu zuri jalalani, usiliokote ukaliweke mafuta ya kula wala maji, litoboe.

Na usiache kwenda kupimwa kwa kuwa umekwisha amini kwamba jalala ndilo chanzo. Marehemu alikaa miezi akishindwa kumeza ugali, akala uji, nasi tukasema ni moshi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, lakini malalamiko yetu ya mdomo kwa mwenyekiti wa mtaa hayakufika popote. Kilichosaidia ni daftari. Niliandika tarehe, saa moto ulipowashwa, kilichochomwa na moshi ulikoelekea, kwa miezi mitatu. Afisa afya alipokuja hatimaye, hakutaka kusikia hotuba yangu. Aliomba daftari, akakaa chini ya mwembe akalisoma kurasa zote, kisha akaniuliza nimwonyeshe mahali nyaya zinapochomewa.