Kumwachia asiye ndugu maamuzi ya duka

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Nasafishwa figo mara mbili kwa wiki, na hata nikiwa kitandani hospitali napigiwa simu kuulizwa bei. Kijana wangu wa dukani si ndugu yangu, lakini sijamwona na doa. Nataka apange bei na kukopesha wateja mwenyewe. Baba mdogo anasema nimpe mwanawe, damu nzito kuliko maji. Ustadhi mmoja amemuunga mkono kwa aya: "Wala msiwape wapumbavu mali zenu." Nitapata dhambi?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Mwenyezi Mungu akuponye. Huna dhambi yoyote.

Kilichonisikitisha ni hiyo aya. Ni ya 5 katika Surat An-Nisaa, na aliyekusomea aliikatiza. Inaendelea kuamuru walishwe na wavishwe katika mali hiyo. Hivi mwajiriwa anayekula jasho lake ndiye wa kulishwa na kuvishwa? Wanaolishwa ni walio chini ya malezi yako, ndiyo maana wafasiri wengi wakawataja watoto. Ikimgusa mtu katika kisa chako, itamgusa jamaa kabla ya mgeni! Aya ya 6 nayo inaamuru mayatima wajaribiwe, wakabidhiwe mali wakionekana wanaweza kuiendesha. Kipimo ni uwezo, si damu. Nabii Musa alikuwa mgeni Madyan aliposifiwa kuwa mwenye nguvu na mwaminifu, akaajiriwa. Mtume (s.a.w.) na Abubakar, huku Makuraishi wakiwasaka, walimkabidhi ngamia wao Abdullah bin Urayqit, naye hakuwa Mwislamu. Na waliomtupa Yusuf kisimani walikuwa ndugu zake wa baba mmoja. Kumdhania mtu usaliti kwa sababu ya ukoo wake ni vibaya. Kuivisha dhana hiyo aya ya Mungu ni vibaya zaidi.

Ila mwekee mipaka: bei ya chini kabisa, na kiasi cha juu cha kumkopesha mteja mmoja. Katika madhehebu yetu ya Shafi, analofanya wakala nje ya idhini halikufungi, na ugomvi huanzia hapo. Ndani ya mipaka, mwache. Hasara ikitokea bila uzembe wala kuvuka idhini, hailipi yeye. Wenye maduka wengi hukata mshahara kwa kila hasara, kijana akaogopa kuamua, na simu zikarudi palepale kitandani.

Binamu yako msaidie kwa mali yako, huko ndiko kuunga udugu. Na kila mkopo uandikwe papo hapo, kama ilivyoamrishwa katika Al-Baqara aya ya 282, daftari lisomwe pia na mkeo au mwanao mkubwa.